MAUMIVU SI KIPIMO: TUELEWE VYANZO VYA MAUMIVU YA TITI NA KIFUA



Katika matoleo yaliyopita tumezoea kuwaletea taarifa za visima, miche ya miti na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tumeona ni vema tuzungumzie jambo linalofika mbele ya kamati za diakonia mara kwa mara, ingawa husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni maumivu ya titi na kifua. Mama anamwendea mke wa mwinjilisti na kusema kifua kinamsumbua, na akisikilizwa vizuri inaonekana anayemzungumzia ni titi. Mwingine anasema ziwa linauma, kumbe ni misuli iliyochoka kwa kubeba maji. Baba naye anasema ni vichomi tu vya kupita, kumbe ni moyo.

Makala hii haichukui nafasi ya mganga. Lengo lake ni kuisaidia kamati ijue nani apelekwe hospitali leo, nani apelekwe wiki hii, na nani anaweza kupewa ushauri na kuangaliwa akiwa nyumbani. Tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba tukikosea mpangilio huo, hata mfuko wenye fedha haumsaidii mgonjwa.

Tuanze kwa kukiri

Kwa miaka kadhaa mfuko wetu wa nauli za wagonjwa ulifanya kazi hivi: kila usharika ulileta majina, kamati ilikutana mara moja kila robo mwaka, na kwa kuwa fedha hazikuwatosha wote, tulianza na wale wenye maumivu makali. Fomu yetu ilikuwa na swali: "Mgonjwa ana maumivu? Makali, ya wastani, hana." Tuliona huo ni utaratibu wa haki. Nani angemwacha anayelia akamchukua asiyelia?

Katika kikao kimoja yaliletwa majina ya akina mama wawili wa usharika mmoja. Wa kwanza, mama kijana, alikuwa na maumivu ya matiti yote mawili kiasi cha kushindwa kulala kifudifudi. Wa pili, mama wa makamo na mwimbaji wa kwaya, alikuwa amegusa kitu kigumu kama punje ya hindi ndani ya titi la kushoto. Kwenye swali la maumivu, mzee wa kanisa aliyejaza fomu aliandika: "Hana." Tulimpa nauli wa kwanza. Wa pili tukamwandika kikao kijacho.

Mama wa kwanza alipimwa, akaambiwa kuwa ni maumivu yanayofuatana na siku zake za mwezi, akapewa ushauri na dawa ya kutuliza. Alirudi nyumbani na yu mzima hadi leo. Mama wa pili alikuja katika kikao kilichofuata, na ile punje ilikuwa imekua, ngozi juu yake imevutwa ndani, na chini ya kwapa kulikuwa na tezi. Alitibiwa, na katika matibabu hayo alipata muda wa kukaa na watoto wake, lakini mwaka uliofuata tulimzika.

Hatuwezi kusema kwamba miezi ile mitatu ndiyo iliyoamua. Waliomtibu hawakusema hivyo, nasi hatusemi. Tunachojua ni kwamba fomu yetu ilimweka mwisho mtu aliyepaswa kuwa wa kwanza, kwa sababu tu hakuwa analia.

Sehemu moja ya mwili, vyanzo vingi

Titi limekaa juu ya misuli ya kifua. Chini ya misuli kuna mbavu, kati ya mbavu hupita mishipa ya fahamu, na ndani ya mbavu kuna mapafu, moyo na koo la chakula. Mishipa inayopeleka taarifa za maumivu kutoka sehemu hizi hukaribiana na kuchanganyika. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuonyesha kwa kidole juu ya titi wakati kinachouma kiko kwenye ubavu, au akashika mkono wa kushoto wakati kinachoumwa ni moyo.

Hivyo basi, anayemsikiliza mgonjwa asikimbilie kulipa tatizo jina. Aulize kwanza: Yalianza lini? Yanakuja na kuondoka, au yapo muda wote? Ni upande mmoja au pande zote mbili? Yanazidi ukigusa, ukipumua kwa nguvu, ukitembea, au ukiisha kula? Je, kuna homa, kikohozi, uvimbe au jasho? Majibu ya maswali haya humsaidia sana mganga, hata kama aliyeuliza hajasomea uganga.

Maumivu yanayotoka kwenye titi lenyewe

1. Yanayofuata siku za mwezi. Haya ndiyo ya kawaida zaidi. Homoni za mwanamke hupanda na kushuka kila mwezi, na katika siku zinazotangulia hedhi matiti hujaa, huwa mazito na huuma. Kwa kawaida huuma yote mawili, hasa sehemu ya juu kuelekea kwapani, na hedhi ikianza maumivu hupungua. Mama aweke alama kwenye kalenda kwa miezi miwili au mitatu. Akiona maumivu yanakuja na kuondoka pamoja na siku zake, ana sababu nzuri ya kutulia. Sidiria inayomkaa sawasawa humsaidia, na dawa ya kawaida ya maumivu humtosha wakati mwingi. Wanaotumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango wanaweza kupata maumivu ya namna hii, na mwanzoni mwa ujauzito pia hutokea.

2. Ya kunyonyesha. Katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua, maziwa huweza kujaa kuliko mtoto anavyonyonya, au chuchu ikachanika kwa sababu mtoto hakushika titi vizuri. Sehemu ya titi huwa nyekundu, ya moto na ngumu, na mama hupata homa na kutetemeka. Wengi husema mtoto amebeulia ziwa, wakamwachisha upande ule na kutafuta dawa ya kienyeji. Kumwachisha ghafla huongeza tatizo, kwa sababu maziwa yanabaki ndani. Mama aendelee kunyonyesha na asaidiwe kumweka mtoto sawasawa, ili midomo ishike sehemu kubwa ya weusi wa titi na si chuchu peke yake. Asilichue kwa nguvu. Kitambaa chenye maji baridi hupunguza uvimbe.

Kama homa haijashuka baada ya siku moja, au mama anazidi kudhoofika, afike zahanati, kwani huenda anahitaji dawa za kuua vijidudu. Pakifanyika jipu, usaha lazima utolewe na mtaalamu, wala haufai kukamuliwa nyumbani. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI afike kliniki yake siku hiyohiyo, kwa kuwa titi lenye uvimbe au chuchu yenye kidonda huongeza hatari ya kumwambukiza mtoto. Huko ataelekezwa jinsi ya kumlisha mtoto hadi apone.

Kwa homa na wekundu wa titi kuna onyo moja kubwa. Ipo aina ya saratani, si ya kawaida, inayofanana kabisa na uambukizo wa titi: wekundu, joto na uvimbe. Kama titi halijapona baada ya kumaliza dawa, au kama mama mwenyewe hanyonyeshi kabisa, asipewe dozi ya pili na ya tatu bila kupelekwa mbele kuchunguzwa.

3. Uvimbe usio saratani. Si kila donge ni saratani, na kwa kweli madonge mengi si saratani. Wasichana na akina mama vijana huweza kuwa na uvimbe laini wa mviringo unaoteleza chini ya kidole. Wenye umri wa kati huweza kuwa na vifuko vya maji ambavyo huuma. Lakini hakuna mkono, wa mama wala wa muuguzi, unaoweza kuhakikisha aina ya donge kwa kugusa peke yake. Kila donge jipya lichunguzwe.

4. Wanaume. Wavulana wanaobalehe huweza kuvimba matiti na kuumwa kwa miezi kadhaa, na kwa wengi hali hiyo huisha yenyewe. Wanaume watu wazima huweza kuvimba kwa sababu ya dawa fulani, pombe nyingi au ugonjwa wa ini. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache sana, kama mmoja katika kila wagonjwa mia au pungufu ya hapo. Mwanaume mwenye donge gumu nyuma ya chuchu asione haya kulionyesha.

Maumivu yanayotoka kifuani

Misuli na mbavu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na wapo akina mama wanaobeba ndoo kadhaa kwa siku, wakatoka hapo wakashika jembe au mchi. Misuli ya kifua huchoka na kuvutika, na maungio kati ya mbavu na mfupa wa katikati ya kifua huvimba. Dalili yake ni kwamba maumivu yana mahali pake: ukibonyeza kwa kidole mgonjwa anashtuka, na yanazidi akigeuka au akiinua mkono. Mapumziko na dawa ya maumivu kwa siku chache hutosha. Wanakamati wa maji watambue kwamba kusogeza kisima karibu na nyumba ni tiba ya maumivu haya pia.

Mkanda wa jeshi. Huanza kwa kuungua na kuchomachoma upande mmoja tu wa kifua au mgongo, wakati ngozi bado haionyeshi kitu. Baada ya siku chache malengelenge hujipanga kama mkanda. Ni ugonjwa unaotokana na virusi vya tetekuwanga vilivyojificha mwilini tangu utotoni, na mtu hakumulikwa wala hakurogwa. Dawa zipo, na hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatokee. Ni vema mgonjwa apime pia virusi vya UKIMWI, kwa sababu mkanda wa jeshi kwa mtu asiye mzee huweza kuwa ishara ya kinga iliyopungua.

Kiungulia. Asidi ya tumbo ikipanda kwenye koo la chakula, mtu huhisi moto katikati ya kifua, hasa akilala mara baada ya kula au akiwa mjamzito. Kula kidogo kidogo, kuacha kulala kabla chakula hakijashuka, na kupunguza pombe na sigara husaidia. Hata hivyo, mtu mzima anayepata "kiungulia" kwa mara ya kwanza akiwa anapanda mlima au anafanya kazi nzito asikiite kiungulia hadi moyo wake umepimwa.

Mapafu. Kichomi kinachozidi unapovuta pumzi, pamoja na homa na kikohozi, huweza kuwa nimonia. Kikohozi cha majuma mawili au zaidi, kutoka jasho usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo nchini kwetu, na anayekamilisha matibabu hupona. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha muda wowote kinatosha kumpeleka kupima.

Majonzi na wasiwasi. Wachungaji wanajua kwamba aliyefiwa huja akisema kifua kimembana. Maumivu haya ni ya kweli, mgonjwa hajifanyi. Hofu na huzuni hukaza misuli, hubadilisha pumzi na kuufanya moyo upige mbio. Anahitaji kusikilizwa na kuombewa. Lakini apimwe kwanza, kwa sababu aliyefiwa naye anaweza kuwa na ugonjwa wa moyo.

Dalili zisizongoja hata kesho

Kuna maumivu ya kifua ambayo kamati haipaswi kuyaitishia kikao. Mgonjwa apelekwe kituoni saa hiyohiyo, mchana au usiku, kama ana mojawapo ya haya:

- Kifua kubanwa au kuelemewa na uzito katikati, hasa kama maumivu yanakwenda kwenye mkono, shingo, taya au mgongo, pamoja na jasho la baridi au kichefuchefu.
- Kukosa pumzi ghafla, kutoa damu akikohoa, au kupoteza fahamu.
- Maumivu makali ya ghafla kwa mtu aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, au ambaye mguu wake mmoja umevimba na kuuma. Damu iliyoganda mguuni huweza kusafiri hadi kwenye mapafu.
- Mjamzito wa mwezi wa mwisho, au mama aliyejifungua ndani ya miezi mitano, anayevimba miguu na kushindwa kulala bila mito kwa kukosa pumzi. Upo ugonjwa wa moyo unaoshambulia hasa katika kipindi hiki, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ni uchovu wa uzazi.

Ifahamike kwamba mwanamke mwenye mshtuko wa moyo wakati mwingine hana yale maumivu makali tunayoyasikia yakisimuliwa. Huweza kuhisi uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi, kichefuchefu na maumivu ya mgongo tu. Mwenye presha, kisukari, au anayevuta sigara yuko katika hatari zaidi. Wakati wa kusubiri usafiri akae ameegemea, asitembee, wala asiachwe peke yake.

Saratani ya titi huanza kimya

Sasa tunarudi kwenye fomu yetu. Mwanamke mwenye maumivu ya titi peke yake, bila donge wala badiliko lolote, mara nyingi sana hana saratani. Kwa upande mwingine, saratani ya titi katika mwanzo wake kwa kawaida haiumi. Donge hukua taratibu, mama anaendelea kulima, kupika na kuimba, wala hana la kumlalamikia mtu. Maumivu yakija mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa umeshagusa ngozi, mfupa au mishipa ya fahamu. Anayesubiri kuumwa ndipo aende hospitali, amejipangia kuchelewa.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti duniani, na 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hapa Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi, na wagonjwa walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Aidha, wengi wa wagonjwa wetu hawajafika uzeeni, bali ni akina mama ambao bado wanalea.

Dalili za kuangalia, ziume au zisiume, ni hizi:

- Donge au ugumu mpya kwenye titi au kwapani.
- Ngozi kubonyea, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
- Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani.
- Majimaji au damu kutoka kwenye chuchu yenyewe bila kukamuliwa, kwa asiyenyonyesha.
- Ukurutu au kidonda cha chuchu au titi kisichopona.
- Titi moja kubadilika ukubwa au umbo pasipo sababu.

Tunawashauri akina mama waijue hali ya kawaida ya matiti yao. Siku chache baada ya hedhi kwisha, matiti yakiwa laini, mama ajitazame na kujigusa kwa nyanda za vidole, polepole, titi lote hadi kwapani. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya kila mwezi. Kujigusa huku hakuchukui nafasi ya kupimwa na mtaalamu. Faida yake ni kwamba badiliko likitokea, wa kwanza kulijua atakuwa mwenyewe.

Akifika hospitali, mganga humgusa, kisha hupigwa picha kwa mashine ya mawimbi ya sauti au kwa eksirei maalumu ya matiti, halafu huchukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa sindano na kupelekwa maabara. Kipande hicho ndicho kinachotoa jibu la uhakika. Matibabu ya saratani yanapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, na KCMC mjini Moshi. Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa huandikiwa barua ya rufaa.

Maneno yanayowachelewesha watu wetu

"Kisu kikigusa, inasambaa." Watu huona mgonjwa aliyepasuliwa akifariki, wakasema kisu ndicho kilichomwua. Mara nyingi alikuwa amefika wakati ugonjwa umeshasambaa. Kuchukua kipande cha kupima hakusambazi saratani.

"Ni kwa sababu ya kuweka hela au simu kwenye sidiria." Hakuna ushahidi wa hilo. Uvumi huu una madhara, kwa sababu aliyeugua huona aibu kana kwamba amejiletea mwenyewe.

"Kwetu hakuna ugonjwa huo." Kuwa na mama au dada aliyeugua huongeza hatari, lakini wagonjwa walio wengi hawana ndugu aliyewahi kuugua.

"Tuombe kwanza." Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini mgonjwa anaweza kuombewa akiwa ndani ya basi kama anavyoombewa kanisani. Tunawasihi wachungaji na wainjilisti waseme hivyo waziwazi, kwa kuwa neno lao linasikilizwa kuliko letu.

Tulichobadilisha, na tunachoomba kwenu

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa dunia wa saratani ya matiti. Moja ya malengo yake ni kwamba tangu mgonjwa aonwe mara ya kwanza na mhudumu wa afya hadi apate jibu kamili la vipimo zisipite siku 60. Tuliposoma hivyo tulihesabu siku zetu. Kamati yetu ilikuwa ikikutana kila baada ya miezi mitatu, yaani siku 90. Mgonjwa aliyeandikiwa rufaa siku moja baada ya kikao angeweza kumaliza siku zake zote 60 kabla hatujakaa tena, na bado tungemwambia tumeshughulikia ombi lake kwa wakati.

Kwa hiyo tumefanya mabadiliko matatu. Kwanza, swali la maumivu limebaki kwenye fomu, lakini halipangi tena foleni. Mahali pake pameingia swali: "Je, kuna donge au badiliko lolote, hata kama haliumi?" Pili, maombi ya namna hiyo hayasubiri kikao: mchungaji, mtunza hazina na mwanakamati mmoja wa diakonia wanaweza kuidhinisha nauli, kisha kikao kikapokea taarifa. Tatu, wagonjwa tunawapanga katika makundi haya:

- Leo: mwenye dalili zisizongoja tulizozitaja hapo juu.
- Wiki hii: mwenye donge, badiliko la ngozi au chuchu, kidonda kisichopona, uambukizo wa titi usiosikia dawa, au kikohozi cha majuma mawili. Mwenye homa na titi la moto asizidishe siku moja.
- Kushauriwa na kuangaliwa: mwenye maumivu yanayofuata siku za mwezi, au ya misuli, bila dalili nyingine. Huyu aulizwe tena baada ya mwezi mmoja. Asiposikia nafuu, au akiona jambo jipya, aende kupimwa.

Kwa sharika tunaomba mambo mawili. Kila usharika uchague akina mama wawili wanaoaminika kwa kutunza siri, ili mwenye tatizo asilazimike kulieleza mbele ya wazee wa kanisa wanaume. Na kila aliyepewa nauli afuatiliwe hadi jibu la kipimo lirudi, kwa maana wapo wanaofika mara moja, wakaambiwa warudi baada ya majuma mawili, wasirudi kwa kukosa nauli ya pili. Nauli ya kwenda bila nauli ya kufuata majibu ni nusu ya msaada.

Kwenu wafadhili, tunajua kuwa picha ya mgonjwa anayelia hugusa moyo haraka, na sisi wenyewe tumewahi kuwatumia picha kama hizo. Mama tunayewaombea zaidi sasa hana picha ya namna hiyo. Yuko shambani, au anafua, au yupo mazoezi ya kwaya, na hana maumivu yoyote. Ana kitu kidogo tu alichokigusa juma lililopita, na anajiuliza kama ni jambo la kumsumbulia mtu. Tusaidieni tumjibu kwamba ndiyo, atusumbue, na atusumbue mapema. Nauli yake ni ileile kama ya mgonjwa mahututi, ila mara nyingi sana hununua miaka mingi zaidi.

Mwenye swali kuhusu utaratibu mpya amwone mwenyekiti wa kamati ya diakonia ya usharika wake. Fomu mpya zitasomwa na kuelezwa katika kila mtaa kabla ya kuanza kutumika, na tunawaomba wazee wa kanisa wazirudishe zile za zamani zote, isibaki hata moja kwenye kabati.